Picha ya Kofia Nyeupe

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Isome mpaka mwisho bila haraka. Ukiona ina faida, mpe na mwenzio.

Palikuwa na mzee mmoja aitwaye Shekuwe, mshonaji wa kofia za viua katika mji mdogo wa kisiwani. Asiyezijua kofia hizo na afahamu hivi: ni kofia nyeupe zinazoshonwa kwa uzi mweupe, na pambo lake lote ni viua, yaani vitundu vidogo mfano wa punje ya mtama, kila kimoja kimetobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi kwa mkono. Ni weupe juu ya weupe. Kofia moja yaweza kumla mshonaji mwaka mzima.

Mzee Shekuwe alikuwa ameimaliza kofia yake baada ya miezi kumi na minne, naye alijua kwamba hatashona nyingine. Macho yalikuwa yameanza kumuaga. Nakshi ya kofia ile iliitwa Njia ya Siafu. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi yake, na pale mjini hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua. Vijana walivaa kofia za mashine. Nani angekubali kuketi miezi kumi na minne kwa ajili ya kichwa kimoja? Siku atakayozikwa Shekuwe, Njia ya Siafu nayo ingezikwa.

Ndipo likaja tangazo. Jumba la sanaa la mji mkuu lilikuwa likimtafuta mshonaji mmoja wa kupewa chumba na wanafunzi kumi na wawili, awafundishe mpaka atakapochoka mwenyewe. Masharti yalikuwa mafupi: kila mshonaji apeleke kwa simu picha moja ya kofia aliyoishona. Picha moja, bila jina, bila neno la maelezo, kabla ya Ijumaa adhuhuri.

"Moja tu?" mzee akamuuliza Barke, mkaza mwanawe, aliyekuwa na simu.

"Moja tu, Baba. Na leo ni Jumatano."

Wakaanza mchana uleule. Barke aliiweka kofia uani, juu ya kinu kilichopinduliwa, mahali penye jua kali kuliko pote. Alipoitazama picha, akashika kiuno.

"Baba, nimepiga wali."

Mzee akaisogeza simu karibu na pua yake. Kweli, palikuwa na kitu cheupe cha mviringo, kimejaa mwanga, wala hapakuwa na kiua hata kimoja. Miezi kumi na minne ilikuwa imemezwa na jua.

Wakaingia ndani. Barke akawasha taa ya simu na kuielekeza kofia usoni. Ikawa mbaya kuliko juani, kwa maana mwanga ulikifikia kila kitundu na kukiziba kama chokaa. Wakatandika leso mpya chini ya kofia ili ipendeze. Jicho likaenda kwenye michoro ya korosho nyekundu za leso, likasahau kurudi. Alhamisi wakajaribu chumbani, barazani, jikoni. Sasa picha zote zikawa na ukungu.

Jirani yao, Fundi Alawi, naye mshonaji, alipita akawakuta wameinamia simu. Alawi alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake hayakuwa na kifuniko.

"Shekuwe, simu yenu ina kamera au ina moshi wa kuni?"

"Ina vyote viwili, naona," mzee akajibu.

"Mimi yangu nimempelekea mpiga picha wa harusi. Katandika zulia jekundu, kamwaga mawaridi, kaweka na mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi pembeni. Mwanga wa dhahabu, wallahi! Kofia imekaa kama bwana harusi." Akacheka. "Watu hula kwa macho, mzee mwenzangu. Kofia tupu nani ataitazama?"

Alipoondoka, Barke alikuwa amenuna. "Na sisi tutafute mawaridi, Baba?"

Mzee aliipokea simu mkononi mwake. Akaigeuza, akakichungulia kile kijicho kidogo cha kioo mgongoni mwake. Juu yake palikuwa na alama ya kidole iliyokuwa iking'aa.

"Barke, asubuhi ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nikimpaka mwanangu mafuta ya nazi kich..." Akajishika mdomo. "Ewe Mola! Siku nzima namsingizia Mchina aliyeitengeneza simu!"

Mzee akakifuta kile kioo kwa ncha ya kikoi chake, taratibu, kama mtu afutaye jicho la mtoto. Kisha akaketi. Alikuwa akijiuliza swali jepesi, na alishangaa kuwa hakujiuliza mapema. Kwa miaka hamsini alikuwa amekitambua kiua kilichopinda kabla hajakigusa. Je, alikuwa ameketi wapi? Hakuwahi kushona juani. Hakuwahi kushona kwa taa ya usoni. Aliketi kila siku ndani ya mlango, saa mbili asubuhi, mwanga ukimjia ubavuni, bega la kushoto. Mwanga wa ubavuni hukiachia kila kiua kivuli chake, na mshonaji huviona viua kwa vivuli vyao.

"Tumekuwa tukiihangaisha kofia hii," akasema, "kuipeleka kila mahali isipokuwa pale ilipozaliwa."

Ijumaa, saa mbili asubuhi, aliivika kofia kwenye kibao cha duara anachotumia kuinyooshea. Akaiweka ndani ya mlango. Nyuma yake akatundika gunia kuukuu la rangi ya kahawia, lisilo na maandishi wala la kusema. Barke akaiinamia kwa juu, simu mkononi.

"Shuka, mwanangu. Piga magoti. Kofia si kisima, usiichungulie kutoka juu. Iangalie kama unavyomwangalia mtu mnayezungumza."

Barke akapiga magoti, akaegemeza viwiko juu ya kigoda ili mkono usitetemeke, akabonyeza. Alipoitazama picha, sauti yake ikabadilika.

"Baba. Vinahesabika."

Viua vyote vilikuwa pale, safu kwa safu, kila kimoja na kivuli chake chembamba. Njia ya Siafu ilionekana ikipanda, ikikutana na nyingine, ikipishana nayo bila kukatika. Lakini Barke aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho. Katika safu ya tatu palikuwa na kiua kimoja kilichotoka nje ya mstari.

"Hiki mbona kimetoka?"

"Nakijua," mzee akasema.

"Basi tuigeuze kofia, Baba. Upande wa pili ni safi, hauna doa. Hakuna atakayejua."

Mzee aliitazama kofia. Aliyasikia maneno yale na akayapenda, kwa kuwa alikitaka kile chumba kuliko kitu chochote alichokuwa amekitaka tangu uzee umkute. Kuigeuza kungekuwa kazi ya pumzi moja. Akanyoosha mkono, akaigeuza nusu. Kisha akasita.

Upande ule wenye kiua kibaya ndio ulioonyesha makutano: mahali safu zinapoanzia na, baada ya kuizunguka kofia nzima, zinaporudi kumalizikia. Kila mshonaji ajuaye kazi huangalia hapo kwanza, maana ndipo hesabu ya fundi inapokamilika au inapoumbuka. Kuficha kosa lile kungekuwa kuyaficha na makutano.

Akairudisha kofia ilivyokuwa.

"Ipeleke hivyohivyo."

"Baba, una hakika?"

"Sina. Ipeleke."

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Picha ya Alawi ilizunguka katika makundi yote ya simu pale mjini, ikimiminiwa sifa. Ya Mzee Shekuwe, ambayo Barke alikuwa amewatumia dada zake, ilirudi na jibu moja: "Mbona kavu kama muhogo wa jana?" Mzee aliambiwa, akatikisa kichwa, akaendelea na uradi wake.

Mwezi haukuisha, washonaji wote ishirini na wawili waliopeleka picha wakaitwa mji mkuu kuja kusikia hukumu. Mzee akaibeba kofia yake ndani ya kikapu, Barke akamshika mkono. Ukumbini waliwekewa viti vizuri. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia mzee mrefu mwenye miwani nyeusi, akiongozwa na karani, mwanamke kijana. Akapapasa meza, akapapasa kiti, akaketi.

Watu wakatazamana. Mwamuzi wa picha alikuwa kipofu.

"Mimi naitwa Famau," akasema. "Nilishona kofia miaka thelathini na tisa. Sasa ni mwaka wa sita sijaiona hata mikono yangu. Jumba hili liliponiomba nihukumu picha, nilidhani wananicheka. Kisha nikamwambia binti huyu: nitazamie, unachokiona uniambie. Ndiyo maana tuliyakataa maneno yenu. Niliyataka ya kwake."

Akageuka kidogo kumwelekea karani.

"Tulianza. Akanisomea picha ya kwanza: 'Naona mawaridi, Mzee. Naona zulia jekundu, na mrashi wa fedha. Mwanga wa dhahabu, maridadi sana.' Nikamuuliza, na kofia? Akasema, 'Kofia ipo. Ni nyeupe.'"

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi Alawi akaanza kuvikagua viatu vyake.

"Na nyingine nyingi zikawa hivyo. Nilizijua nyumba zenu, mapazia yenu, sahani zenu. Kofia sikuzijua. Tukafika picha ya kumi na saba. Binti akanyamaza. Nikadhani amechoka. Kumbe anahesabu! Akaanza kunisimulia safu moja baada ya nyingine, hii inapanda, ile inapishana nayo, hapa ndipo zinapokutana. Nami nimetandaza kitambaa gotini, vidole vyangu vinamfuata. Saa nzima. Nakshi hiyo niliisikia ikitajwa nikiwa mtoto, sikuwahi kuiona. Nimeiona mwaka huu, nikiwa kipofu."

Kisha uso wake ukawa mzito.

"Lakini katika safu ya tatu kuna kiua kimetoka nje. Mwenye kofia hiyo na asimame."

Mzee Shekuwe akamshika Barke bega. Barke akamwinua.

"Ni mimi."

"Siku hiyo ulikuwa na nini, ndugu yangu?"

"Nilikuwa nimetoka kumzika mke wangu. Nilidhani mikono ingenisaidia kusahau."

Mzee Famau akasogeza kiti mbele.

"Mbona hukukifumua?"

"Ukikifumua kiua, kitambaa hubaki na kidonda."

"Kweli. Na mbona hukukigeuzia ukutani?"

"Kilikuwa kando ya makutano. Ningekificha hicho, ningekuonyesha nusu ya kazi."

Mzee Famau akanyoosha mikono yote miwili. "Kama umekuja nayo, niletee."

Barke akaitoa kofia kikapuni, akaipeleka. Mwamuzi akaipokea, akayatafuta makutano kwa kidole gumba, akayapata. Kisha kidole chake cha shahada kikapanda safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikaenda moja kwa moja, pasipo kupapasa, kikatua juu ya kile kiua kilichotoka nje ya mstari. Kikatulia hapo kitambo.

"Mola amrehemu," akasema.

Mzee Shekuwe akaitikia amina, na ukumbi wote ukaitikia naye.

Wanafunzi kumi na wawili walianza mwezi uliofuata. Chumba alichopewa Mzee Shekuwe kina madirisha matatu, lakini viti vyote amevipanga karibu na mlango, mwanga ukiwajia ubavuni.

Funzo: Unapoionyesha dunia kazi ya mikono yako, usiipambe mpaka ipotee, iweke katika mwanga ulioizaa, uiache iseme yenyewe pamoja na kasoro yake, na hata asiyeona ataiona.