Mguu wa Bi Kidawa Mbele ya Kadhi

Palikuwa na tajiri mmoja, Mselem bin Dadi, aliyepewa na Sultani haki ya kuuza bima ya matibabu peke yake. Bila muhuri wake hospitali haikumpokea mtu, hata angekuja amebeba kichwa chake mkononi. Na sharti lake lilikuwa hili: anayetaka bima ya ugonjwa athibitishe kwanza kwamba hana ugonjwa.

Bi Kidawa, muuza supu ya makongoro, alizaliwa na moyo mbovu. Tabibu wa tajiri alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa.

"Moyo huu uliharibika kabla hujaja kwangu," akasema Mselem. "Siuchukui."

"Basi uache. Mimi kila asubuhi nauza kwato bila kichwa, na hakuna ng'ombe aliyelalamika. Nikatie bima ya vilivyobaki."

Tajiri akafurahi: mwili pungufu, ada ileile. Karani akaandika kiungo kimoja kimoja, kila kimoja na muhuri wake. Ini, limo. Figo, zimo. Mguu wa kulia, umo. Wa kushoto, umo. Walipofika kwenye kucha, mihuri ilikuwa arobaini na mmoja.

Mwezi wa tatu, Bi Kidawa akiwa anapakua supu, moyo ulimruka. Akaanguka kizingitini, mguu wa kushoto ukavunjika. Hospitali ikadai idhini ya tajiri. Tajiri akakataa kuitoa. Ndipo Bi Kidawa akabebwa kwa machela hadi kwa Kadhi, hati kwapani. Alijua fika: mfupa ukiunga kombo, hatasimama tena mbele ya sufuria.

"Mguu haukujivunja, Sheikh," akaanza Mselem. "Moyo ndio uliomwangusha. Na moyo haumo."

"Sikuleta moyo, Sheikh. Nimeleta mguu. Huu hapa, umevimba kama boga."

"Damu ya mguu yatoka wapi? Moyoni! Nguvu zake? Moyoni! Hakuna awezaye kuutenga mguu na moyo. Ni kitu kimoja!"

Bi Kidawa akaacha kugumia kwa maumivu. Hoja ilikuwa nzuri. Nzuri kupita kiasi.

"Rudia, bwana. Sheikh alikuwa anakohoa."

"Ni kitu kimoja!"

"Na figo je?"

"Moyo huohuo."

"Ini?"

"Moyo!"

"Kucha?"

Tajiri akasita. Lakini aliyekwisha kupanda mnazi mbele ya watu huona haya kushuka mikono mitupu.

"Nazo ni moyo."

Kadhi akachovya kalamu. "Imeandikwa. Bibi, unapinga?"

"Hata neno moja, Sheikh. Nakubali yote." Akaifunua hati. "Hii ni mihuri yake mwenyewe, arobaini na mmoja. Ikiwa kila kiungo humu ni moyo, basi bwana huyu ameukatia moyo wangu bima mara arobaini na moja. Naomba nikapasuliwe kifua leo, kwa gharama zake."

Baraza zima likageuka kumtazama Mselem. Jasho lilimtoka hadi kwenye kilemba.

"Mguu ni mguu!" akapiga ukelele. "Moyo ni moyo! Vitu viwili mbalimbali!"

"Ahsante, bwana," akasema Bi Kidawa. "Basi toa idhini ya mguu. Au endelea kubishana. Hospitali ni ileile na mlipaji ni wewe: ukisema mguu nitalazwa kwa mguu, ukisema moyo nitalazwa kwa moyo."