Kosa la Ubeti wa Kasuku

Wahenga hawakumcheka aliyepotea njia. Walijua kwamba huyo ndiye atakayeifahamu kuliko wenzake waliofika bila kujikwaa. Anayebisha na amuulize Punkodi, mke wa Velappan.

Mwaka mmoja, katika sikukuu ya Mariamman, mungu wa kike wa kijiji chao, ngoma ilipofika ubeti wa wimbo unaomtaja kasuku, Punkodi alipita nje alipopaswa kupita ndani. Katika kolattam ya kusuka, ngoma ya vijiti na kamba, hilo si kosa la kupuuzwa. Wanawake wanane huzunguka, kila mmoja ameshika kijiti mkono wa kulia na kamba ya rangi mkono wa kushoto, na kamba zote zimefungwa kwenye boriti juu. Wanagonganisha vijiti na kupishana, na kamba zinajisuka kama nywele za bibi harusi. Kisha hucheza kinyumenyume mpaka msuko ufumuke wote, kwa maana Mariamman hapokei ngoma iliyobaki na fundo. Siku ile fundo lilikataa katakata kufunguka, kamba zikakatwa kwa mundu. Wazee wakatoa neno: zikikatwa tena, ngoma hiyo haitachezwa hekaluni milele. Punkodi akatolewa kwenye duara.

Alilia mpaka macho yakamvimba. Alipochoka kulia, alifunga kamba nane kwenye boriti ya zizi, akaning'iniza vifuu vya nazi kwenye ncha zake, akawa anazipitisha moja moja huku akikosea makusudi.

"Mke wangu," Velappan alimtania, "ng'ombe wananiuliza kama una akili timamu."

"Waambie nao wanyamaze, wananichanganya."

Sikukuu iliporudi, Punkodi alikaa miongoni mwa watazamaji, asumini kichwani, viganja vikimwasha kwa hamu ya kijiti. Sornammal, kiongozi wa ngoma, mwanamke mwenye ulimi mkali kama pilipili, alimpitia karibu.

"Kaa hapo hapo, binti. Leo mundu tumeuacha nyumbani!"

Wanawake wakacheka.

Ngoma ikaanza. Vijiti vinane vikalia kwa sauti moja, na msuko ukashuka taratibu, mwekundu, wa manjano na wa kijani, mpaka nywele za mwili zikamsimama Punkodi. Walipofika ubeti wa kasuku, gari lililobeba sanamu ya Mariamman likatoka langoni mwa hekalu likiwaka taa. Sornammal aliinua macho kulitazama, akapita nje. Hakuna aliyeona ila Punkodi.

Wakaanza kufumua. Walipourudia ubeti wa kasuku, kamba zikakaza, zikagoma. Ngoma ikanyamaza. Mzee mmoja akasema kwa huzuni, "Leteni mundu."

"Msikate!" Punkodi alisimama.

"Wewe tena?"

"Mimi tena! Nani mwingine hapa amewahi kulifunga fundo hili?" Akaingia katikati ya duara. "Rudisheni hatua hii ya mwisho. Shangazi Sornammal, hapa ulipita nje. Sasa, wakati wa kufumua, pita nje tena."

"Nikosee makusudi, mbele ya mungu?"

"Kosa hutoka kwa mlango ule ule lilioingilia, shangazi. Mwaka jana, tulipofumua, mimi niliona haya, nikapita sawasawa kama wenzangu. Ndipo fundo likakaza."

Sornammal aliutazama mundu, uliokwisha kuletwa. Akaifunga sari yake vizuri kiunoni, akagonga kijiti, akapita nje mbele ya kijiji kizima.

Fundo likalegea. Kamba ya kijani ikachomoka, kisha nyekundu, kisha zote zikaanza kuachiana, zikatanuka juu ya vichwa vyao kama mwavuli chini ya taa za gari. Watu walikutanisha viganja vifuani, na machozi yakamtoka hata yule aliyeshika mundu.

Sornammal alimtia kijiti chake mkononi. "Mwakani ongoza wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako, nikikosea unikumbushe nilipokosea."

Ama kweli, kupotea njia ndiko kujua njia.