Zimwi Aliyemsindikiza Mgeni

Sogeeni karibu, na anayesinzia abanwe pua!

Mjane Mbodze alifuata kijito cha maji ya chumvi akirudi kwao, kiu imemkaba. Pango la kwanza akapiga hodi: kimya. La pili: kimya. La tatu, zimwi akaitikia, "Karibu!"

Hakumla. Wote humkimbia, huyu kabisha hodi! Akamkingia maji yadondokayo kwenye mawe ya chokaa, wakaongea.

"Basi nisindikize," Mbodze akasema.

Zimwi alijua jua likimgusa atageuka jiwe. Akatoka, akipita vivulini. Kwa desturi, mwenyeji harudi mpaka mgeni aseme, "Inatosha, rudi." Mbodze, mazungumzo yalivyomnogea, akasahau.

Kwenye maporomoko hapakuwa na kivuli.

Hadi uzeeni Mbodze alikwenda kuliambia lile jiwe, "Inatosha, rudi." Kisha akarudi mwenyewe, hana wa kumsindikiza.