Beseni la Shemasi na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Aliye na mzazi wake na amshike mkono, maana neno hili halifai kusikilizwa ukiwa peke yako.

Palikuwa na hospitali ya kanisa katika nyanda za juu, ambako asubuhi umande huganda majanini. Muuguzi Tusekile alihudumu humo, naye alijaliwa moyo usiokubali mauti ipite bila kuulizwa itokako. Lutengano, wa maabara ya mkoa, alijaliwa kusoma yale ambayo Muumba ameyaandika ndani ya kila kidudu kwa herufi nne tu. Na Shemasi Ambakisye alijaliwa kumcha Mungu kuliko kuwaogopa wanadamu.

Basi mauti iliingia wodi ya watoto wachanga. Mtoto alilala akinyonya, akaamka akiwaka homa, akazikwa. Kisha mwingine. Kilio cha Raheli kikajaa wodini, na akina mama wakaogopa hata kusinzia. Kila mmoja aliweka kiganja kifuani pa mwanawe, akisikiliza pumzi. Miongoni mwao alikuwa Subilaga, mwenye mtoto wa kiume njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, ambaye hata jina alikuwa hajapewa. Alasiri moja kiganja chake kikahisi moto.

"Nesi!" akapiga ukunga. "Imefika kwangu!"

Daktari akasema, "Njiti hufa, Tusekile. Kila mmoja huja na ugonjwa wake kutoka tumboni. Usiwatishe watu."

"Wameshatishika, daktari. Mimi nataka wajue wanaogopa nini."

Akatoa damu ya mtoto yule, akachukua na vidudu vilivyohifadhiwa kutoka kwa wale waliokufa, akavipeleka kwa Lutengano, ingawa aliambiwa kwamba angefukuzwa kazi.

Lutengano akasoma, akarudia tangu mwanzo. Akapiga simu: "Dada, hivi ni ndugu wa tumbo moja. Vinafanana karibu herufi kwa herufi. Havikuletwa na akina mama. Vimekaa mahali pamoja humo ndani, nanyi mnavigawa."

"Mahali gani?"

"Maandishi yananionyesha ukoo, dada. Nyumba hayanionyeshi. Ila yanasema vidudu hivi vimezishinda dawa zenu zote, isipokuwa moja."

Mtoto akachomwa dawa hiyo. Lakini dawa ya leo ingefaa nini, ikiwa kesho angeguswa tena na kitu kilekile? Wauguzi wakachunguza masinki, vitanda, mikono yao wenyewe. Ilikuwa kama siku ya Akani aliyeficha nyara, kambi nzima ikipekuliwa. Ila kura haikumwangukia mtu.

Kumbe hapo palikuwa na desturi. Kila asubuhi shemasi aliwapaka wachanga mafuta kwenye paji la uso, akiwaombea. Kwa sababu ya baridi, aliipasha chupa moto katika beseni la maji, ili mafuta yasimshtue mtoto. Maji yakipoa aliongeza ya moto juu yake, wala hakuyamwaga. Huruma ndiyo iliyomwongoza. Na nani angeushuku mkono wa baraka?

Hakuna aliyemuuliza. Lakini aliwasikia wauguzi wakizungumza juu ya maji yanayotuama, akalikumbuka beseni lake. Angeweza kuyamwaga nyuma ya kanisa, akabaki safi mbele ya watu maisha yake yote. Akalibeba beseni mbele ya akina mama wote.

"Pimeni na hili," akasema. "Na vidole vyangu."

Ndimo vilimokuwa. Kutoka majini vilipanda chupani, na kutoka chupani vidoleni: marhamu ya baraka yalikuwa yamevunda. Beseni likaondolewa, hakuugua mwingine, na mtoto wa Subilaga akarudia titi.

Sasa, katika ukoo wa Subilaga, mtoto aliyerudishwa kutoka malango ya kaburi hupewa jina la aliyemrudisha, na huyo huwa mzazi wake hadi kufa. Siku ya ubatizo kanisa likagawanyika.

"Tusekile!" wakasema wauguzi. "Asingekaidi, tungekuwa bado tunazika."

"Jina la kike kwa mvulana? Mtamtesa shuleni," akasema Tusekile.

"Babu yangu aliitwa Maria, na hakuna aliyethubutu kumcheka!" akajibu mzee mmoja. "Lakini mimi nasema Lutengano. Bila yeye, nani angejua kwamba muuaji ni mmoja, na ni dawa ipi imwezayo?"

Subilaga akasema polepole, "Mimi nasema Ambakisye. Angalimwaga maji kwa siri, kisha akalijaza tena beseni lile, mwanangu angalikuwa udongoni."

Ndipo akainuka mama mmoja aliyemzika mwanawe. "Mkono huo ndio uliompaka wangu! Nitakapolisikia jina hilo likiitwa njiani, Subilaga, nifanyeje?"

"Amesema kweli," shemasi akalia. "Msinipe."

"Hukujua, baba," akasema Subilaga.

"Na wangu hakujua," akajibu yule mama.

Mchungaji amemwinamisha mtoto juu ya maji, anauliza jina. Subilaga anafumbua kinywa, na aliyezika anamtazama. Nanyi mlioketi hapa mkiwa na watoto wenu magotini, semeni kabla maji hayajamgusa: mngemwita nani?