Kindi na Meza ya Posa

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kualikana chakula, aliishi Kindi, fundi wa meza ndogo. Umbo lake lilikuwa dogo kama kiatu, mikono yake myepesi, na ulimi mwepesi zaidi.

Mbao hakununua. Kila alasiri alipita kwenye karakana ya Tembo, aliyetengeneza vitanda na milango ya wakubwa.

"Shikamoo, mzee. Naomba vile vipande ulivyotupa nje. Kiota changu kinapitisha upepo."

"Marahaba. Beba vyote," alisema Tembo. "Mbao yenye tundu haiingii kwenye nyumba ya heshima."

Kindi akavibeba, akapiga randa, fyuu, fyuu, akaunganisha kipande na kipande. Meza zikatoka imara. Lakini wanyama walipoona matundu ya wadudu, walipita wakicheka.

"Hii ni meza au chujio?" aliuliza Nyati.

Neno hilo lilimchoma. Akatafuta nta ya nyuki, akaichanganya na vumbi la mbao, akaziba kila tundu. Akapiga msasa, akapaka vanishi. Nyati aliporudi, akaipapasa meza ileile.

"Hapa sasa umefanya kazi. Huu ni mninga?"

"Mninga mtupu, mjomba. Mti mmoja, haukuguswa na mdudu."

Nyati akaondoka nayo kichwani, na Kindi akacheka hadi akashika tumbo. Mwili mkubwa vile, macho ya bure.

Siku moja akaja Mama Kiboko.

"Mwanangu, binti yangu Mashavu anaposwa Ijumaa. Kwetu wakwe hutengewa uji juu ya meza mpya ambayo hakuna aliyewahi kuilia chakula. Na hawa ni ukoo wa Kifaru, unawajua. Wakiona dosari, wanainuka na posa imekufa. Meza hii haina kasoro?"

"Mama, ikiwa na kasoro, mimi si fundi."

Mama Kiboko akamwamini, akainunua meza, tena akamwalika. Naye Kindi, mla karanga mbichi, hakuwahi hata siku moja kuweka chungu cha moto juu ya meza.

Ijumaa ikafika. Kindi aliketi karibu na mlango. Mzee Kifaru na mkewe walikaa mbele, wamenyooka. Mashavu alijifunika kanga, macho chini. Mama Kiboko akaleta chungu cha uji kinachotokota, akakitua mezani, tii.

Wakaulizana habari za nyumbani, habari za mvua. Kisha, to. To. To.

"Kuna kitu kinanidondokea mguuni," alisema mke wa Kifaru.

Mzee Kifaru akainua chungu. Nta ilikuwa imeyeyuka, na matundu yote yalikuwa wazi, yanawatazama wageni.

"Kumbe imezibwa," alisema polepole. "Mama Kiboko, kama meza ya wakwe mmeiziba, huyu binti naye mmemziba wapi?"

Mashavu akavuta kanga hadi puani. Mama Kiboko, mwenye kinywa kikubwa kuliko wote, akainamisha kichwa.

"Tusameheni," alisema. "Kosa ni langu. Sikujua kuchagua."

Kindi aliusikia mlango wazi mgongoni kwake. Mkia ulikwisha kutoka nje. Mruko mmoja tu, angekuwa juu ya mti, na hakuna ambaye angemfuata. Lakini lile neno, kosa ni langu, lilimshika. Akarudi hadi katikati ya nyumba, mdogo kuliko siku zote.

"Mzee, si yeye. Ni mimi niliyeziba. Mama aliniuliza, nikaapa. Nilimdanganya kwa sababu ni mkubwa, na nilipomdanganya nilifurahi."

Mzee Kifaru akaikandamiza meza kwa goti. Haikutikisika. Akaisukuma kwa pembe. Haikulia hata kidogo.

"Meza ni nzima," alisema. "Aliyebunguliwa na wadudu ni fundi." Kisha akamgeukia mama. "Mwenzangu, nimekutukania binti yako bure. Unisamehe. Kama bado mnatutaka, sisi tumekuja kuposa."

Vigelegele vikapigwa. Kindi alidhani sasa atapumua, lakini masikio yake yalizidi kuwaka. Akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mama Kiboko, bila kupaza sauti. "Kaa unywe uji, mwanangu."

Afadhali angempiga. Kindi akaketi kwenye meza yake mwenyewe, mbele ya wote, akanywa uji huku ameyakodolea macho yale matundu, na hakuna aliyeyafunika.

Basi, wadogo zangu: kasoro ukiionyesha ni ya mbao, ukiificha ni yako.