Kwa Nini Anayeondoka Husema "Nakuja"

Siku hizo, wanangu, neno "nakuja" lilikuwa la mtu anayerudi tu. Anayetoka alisema "nakwenda," akachukua jembe lake, akaenda. Hivyo ndivyo babu zetu walivyoagana huku milimani, na hakuna aliyeona kasoro.

Wakati huo aliishi mjane mmoja jina lake Nakunda. Hakuwa na mtoto. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, pale migomba inapoishia na msitu unapoanza. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, lakini mkono wake ulikuwa bado haujazoea, kila jioni ulipika chakula cha watu wawili. Kilichobaki alikitazama tu.

Siku moja akiokota kuni aliona mtoto wa mbwa ametulia kando ya mama yake aliyeuawa na chui. Akamfunga kwenye nguo yake, akaja naye nyumbani. Jioni ile chakula cha sufuriani kiliisha chote.

Taabu ilianza asubuhi. Nakunda alipokuwa akienda shambani alimpakata yule mtoto, akamwambia huku machozi yakimtoka, "Nakwenda, mwanangu. Usilie. Nakwenda mie." Alirudia hivyo mara nyingi, kisha akafunga mlango. Mtoto wa mbwa alilia mpaka jua likazama. Alikwaruza mlango hadi kucha zikatoa damu, na chakula hakukigusa. Jioni Nakunda alisikia kilio tangu bondeni, akawa anapanda mlima mbio huku akiita, "Nakuja! Nakuja!" Hapo ndipo kilio kilipokatika.

Ikawa hivyo kila siku. Mwishowe hata kabla ya mlango kufunguliwa, akisikia tu "nakwenda," mtoto alianza kutetemeka.

Jirani yake alikuwa Kiangi, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye mbuzi wengi na maneno mengi.

"Shemeji," alisema, "huyo mtoto wako ana sauti kuliko ngoma ya harusi."

"Atazoea, shemeji."

"Chui naye anazoea. Kila siku anaitwa na kilio hicho kuja kula, wewe unadhani atakataa?" Kisha akaacha mzaha. "Wazee wamesema mpaka siku ya gulio. Zimebaki siku nne. Akiwa bado analia tutamrudisha msituni."

 Nakunda alijua msituni mtoto yule hatamaliza siku mbili. Na alijua nyumba yake itakavyokuwa baada ya hapo.

Kesho yake alikuwa amesimama ndani na jembe mkononi, bado hajaagana, Kiangi akapaza sauti nje, "Shemeji, njoo haraka! Mbuzi anazaa vibaya!"

"Nakuja!" akaitika Nakunda, akatoka bila hata kugeuka.

Kazi ya yule mbuzi ilichukua muda. Alipokuwa akinawa mikono ndipo alipogundua kwamba hasikii kilio. Akadhani mtoto amekufa. Alikimbia, akafungua mlango, akamkuta ameketi kimya, macho mlangoni, anamsubiri.

Nakunda alikaa chini akafikiri. "Nakwenda" mtoto alilijua kuwa ni neno la kuachwa. "Nakuja" alilijua kuwa ni neno la jioni, neno linalomleta mtu.

Tangu hapo hakumlilia tena. Alimtandikia nguo yake kuukuu yenye jasho lake, akasema "nakuja" kwa sauti ya kawaida, akatoka hadi kwenye mafiga, akarudi. Akatoka hadi migombani, akarudi. Siku ya pili akafika kisimani. Siku ya tatu alikaa huko mpaka adhuhuri, roho juu, lakini hakuna siku aliyosema "nakuja" halafu asije.

Siku ya gulio alikwenda shambani kutwa nzima. Kiangi na wazee wawili walikuja wakaketi uani kwake na kamba. Walisikiliza. Kiangi akachungulia kwenye ufa wa mlango. Mtoto wa mbwa aliinua kichwa, akaona si Nakunda, akakilaza tena juu ya nguo.

Jioni Nakunda alifika, akaiona kamba, mzigo wa kuni ukamponyoka.

"Umemfunga mdomo, shemeji?" Kiangi aliuliza.

"Sikumfunga."

"Sasa ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nakuja."

Wale wazee walicheka mpaka wakakohoa. "Mtu anaondoka, anasema anakuja!" alisema Kiangi. "Umemdanganya mnyama."

Nakunda, ambaye hakuzoea kuwajibu watu, alimtazama usoni. "Si nimekuja?"

 Kiangi aliizungusha kamba mkononi, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata, Kiangi akitoa mbuzi, binti yake mdogo alimng'ang'ania mguu akilia. Akafungua kinywa kusema "nakwenda," kama walivyosema baba zake. Akamwinamia. Kisha akasema, "Nakuja, mama." Mtoto akamwachia.

Na tangu siku hiyo, mtu wa kwetu akitoka nyumbani husema "nakuja," hata kama amekwisha kugeuza mgongo. Wageni hutushangaa, wakadhani hatujui maana ya maneno. Waache washangae. Neno lile halisemwi kwa ajili ya anayetembea. Linasemwa kwa ajili ya yule aliyebaki ndani peke yake, masikio yake yakiwa mlangoni.