Swali la Mkanda wa Mashine

Gazeti likiuliza, mtaa hujibu.

Leo mmeisikia methali hii kwa Mzee Mbonea. Mlikuwa mnamsomea kwenye simu makala yenu yenye kichwa cha swali, naye akawakatiza kwa maneno hayo, akainuka, akaenda zake. Sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga, wajukuu zangu. Imetoka hapa hapa Mkanyeni, na siku iliposemwa mara ya kwanza mimi nilikuwapo. Chanzo chake ni hiki.

Miaka ile ya madarasa ya watu wazima, kijiji chetu kilikuwa na gazeti lake, kurasa mbili tu, likiitwa Tujuane. Mwandishi alikuwa Mwalimu Elieneza, ambaye ndiye aliyewafundisha watu wazima kusoma. Mimi nilikuwa mpiga chapa wake, msichana wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nakata stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, kwa taipureta, nazungusha mkono wa mashine ya kurudufu mpaka bega linakufa ganzi, kisha tunayapanga magazeti juu ya meza ya ofisi ya ushirika ili watu wajichukulie.

Hawakujichukulia. Mwalimu aliandika juu ya mbolea, choo bora na mkutano wa Jumatano. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa makavu. Siku moja alipita sokoni akakuta kina mama wamefungia tangawizi katika Tujuane la wiki ile ile, hakuna aliyelisoma hata mstari.

Baada ya hapo aliitwa mjini kwenye semina ya waandishi, akarudi mtu mwingine.

"Naelijwa," akaniambia, "msomaji ni samaki. Mtupie ndoana. Unaanza na swali, halafu humalizi kusema. Unamwachia kitu cha kutafuna."

Wiki hiyo hiyo mkanda wa mashine ya kusaga haukuonekana. Mashine ilikuwa moja kijiji kizima, kwa hiyo wanawake walirudi kwenye kinu, na wengine wakapanda mpaka kilima cha pili na mahindi kichwani. Senkoro, msagaji, alikuwa amepata homa kali, akapelekwa bondeni kwa dada yake. Mlango wa mashine haukuvunjwa. Mkanda tu ndio haukuwepo.

"Mwalimu," nikasema, "si tungemwuliza Senkoro kwanza?"

"Senkoro anaumwa. Na gazeti linatoka kesho."

Akaandika. Bado nayakumbuka maneno yale, kwa sababu ni vidole vyangu vilivyoyapiga: NANI ANAJUA ULIKO MKANDA WETU? Na chini yake: "Mkanda wa mpira mzito hauliwi. Ni nani basi miongoni mwetu mwenye kazi nao? Ndugu msomaji, mtazame aliye kando yako."

Kabla ya saa nne asubuhi magazeti yalikuwa yamekwisha. Waliokosa waliazima, na wasiojua kusoma waliwashika wanaojua wawasomee. Mwalimu alisimama dirishani akitazama, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

Sasa, mpira mzito una kazi kwa nani? Mkanyeni palikuwa na fundi mmoja tu wa katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi. Aliitwa Sifaeli. Alihamia kwetu kutoka ng'ambo ya mlima pamoja na mkewe Nankondo, na hakuwa na ukoo hapa. Hakuna aliyemtaja kwa sauti. Watu walianza tu kutazamana nyayo. Nilimwona mama mmoja kamshika mumewe kifundo cha mguu katikati ya njia, anaukagua mpira wa kiatu. Katika foleni ya maji wanawake walizungumza mpaka Nankondo alipofika, wakanyamaza, akajaza ndoo yake, akaondoka, wakaanza tena. Wengine walivitupa viatu vyao makorongoni, wasije wakakutwa wamevaa mkanda wa kijiji.

Na mimi, sitawaficha. Nilizigeuza katambuga zangu, nikaona mistari fulani kwenye mpira, nikazisukuma chini ya kitanda. Nikaenda kazini peku.

Mwalimu naye aliona watu wanavyochunguzana, akaona ni habari nzuri. Toleo la pili likabeba kichwa hiki: NYAYO ZINASEMA NINI? Tulitoa nakala mia tatu. Zikaisha.

Keshokutwa yake wanaume saba waliingia kwa Sifaeli na marungu. Walipasua godoro, wakachimba sakafu ya jikoni, wakachukua visu vyake vyote vya kazi. Hawakupata kitu. Mmoja wao akatoka akisema, "Kauficha vizuri huyu."

Mchana ule tukasikia hodi ofisini.

"Karibu, Sifaeli," Mwalimu akasema. "Keti."

Hakuketi. Akatandaza mezani matoleo yote mawili.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Haya ndiyo magazeti ya kwanza kuyamaliza mwenyewe, bila mtu wa kunisaidia. Nimeyarudia mara tano. Natafuta kosa langu limeandikwa mstari wa ngapi. Nionyeshe."

"Ndugu yangu, sikukutaja. Soma vizuri. Sikumtaja mtu yeyote."

"Kweli, hukunitaja. Uliuliza."

"Na kuuliza ni kosa? Nilitaka watu wasome."

"Wamesoma," Sifaeli akasema. "Gazeti likiuliza, mtaa hujibu. Jibu lao limefika kwangu leo na marungu. Wewe ulipouliza, jibu ulikuwa nalo?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Sikuwa nalo."

Kisha Sifaeli akanigeukia mimi. Alitazama miguu yangu yenye vumbi.

"Dada Naelijwa, zile nilizokushonea ziko wapi?"

Niliivuta miguu chini ya kiti. Mpaka leo swali hilo ninalo.

Mwalimu hakungoja jioni. Alishuka bondeni kwa miguu, akamkuta Senkoro amejifunika blanketi anakunywa uji.

"Mkanda?" Senkoro akashangaa. "Ulipasuka. Niliutuma mjini Same kwa fundi auunge, ndipo homa ikanishika. Mbona hakuna aliyekuja kuniuliza?"

Toleo la tatu lilikuwa fupi: MKANDA HAUKUIBWA. Tulitoa mia tatu tena. Watu walikuja, wakasoma kichwa, wakalirudisha mezani. "Ah, kumbe hakuna kitu." Yalichukuliwa kumi na moja.

Hapo Mwalimu akayabeba yaliyobaki, nami nikamfuata, tukaenda nyumba kwa nyumba, yeye akisoma kwa sauti mlangoni. Wengine walisikiliza. Wengi walimtazama kwa jicho la pembeni. "Leo unamtetea, Mwalimu? Kakupa nini?" Mzee mmoja akauliza, "Huyo Senkoro mna hakika hakula njama na Sifaeli?" Hata mkanda uliporudi kutoka Same na kiungo kipya, mashine ikanguruma, wapo waliosema, "Huu si ule."

Sifaeli alivumilia miezi miwili. Hakuna aliyempelekea kiatu. Mimi nilizitoa zangu uvunguni, nikazivaa, nikapita mbele ya kibanda chake kila siku. Aliniitikia salamu, basi. Alhamisi moja wakafunga mizigo. Mwalimu akaomba abebe sanduku la vifaa, Sifaeli akamwachia alibebe mpaka ukingo wa mlima. Waliagana hapo, na Nankondo hakugeuka nyuma.

Mwalimu aliporudi alichukua karatasi, akayaandika maneno ya Sifaeli kwa herufi kubwa, na chini yake akaandika jina: Sifaeli, fundi viatu. Akaibandika ukutani juu ya mashine ya kurudufu. Kila aliyeuliza alisimuliwa yote, na Mwalimu hakujitetea hata mara moja. Walioingia ofisini waliyasoma, wakayapeleka sokoni, na kutoka sokoni yakavuka mlima hadi vijiji vingine. Lakini njiani watu walichukua maneno, jina wakaliacha. Ndiyo maana hata Mzee Mbonea, ambaye alikuwa mmoja wa wale saba, aliwaambia methali bila kuwaambia mwenyewe ni nani.

Gazeti likiuliza, mtaa hujibu.